Matundu Manne

Kochi la ngozi bandia likikuachia shimo la makalio yako dakika nzima baada ya kuinuka, ujue fundi wake alisahau matundu ya hewa. Sindano angekwambia hivyo hata kama hukumuuliza. Angeongeza kwamba fundi wa namna hiyo aiuze cherehani yake, akatafute kazi inayolingana na akili zake.

Sindano ni jina alilopewa na mtaa, nusu kwa wembamba wake na nusu kwa ulimi wake, na lilimganda tangu ujana. Ni baba yake tu asiyelitumia. Yeye humwita "wewe".

Karakana yake ni chumba kimoja kirefu kando ya barabara. Sponji zimepangwa hadi darini, cherehani ya kushonea ngozi iko dirishani, na katikati zimesimama fremu za makochi yaliyovuliwa nguo, mbao na misumari nje, yakingoja kusitiriwa. Alirithi chumba hicho na kila kilichomo kutoka kwa baba yake, ambaye alishona makochi miaka arobaini mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Mzee alistaafu, lakini macho hayakustaafu. Kila Jumamosi huja "kusalimia", na kusalimia kwake maana yake ni kukalia kila kiti kilichomo humo ndani. Anakaa, anatulia kidogo, anainuka, anageuka. Akikuta mto umeshajaa na kurudi ulivyokuwa, anaendelea na kiti kinachofuata. Akikuta haujajaa, anakaa tena, na safari hii anamkazia macho binti yake.

"Mto mzuri husahau upesi," ndiyo kauli yake. Mto unaobaki na umbo la mtu aliyeondoka, kwa mzee huyo, ni mto mbea.

Na dawa ya umbea huo ni ndogo. Ngozi bandia haipitishi hewa. Kwa hiyo fundi huchoma msumari kwenye moto, akatoboa matundu manne upande wa chini wa mto, akayavalisha vipete vya shaba visichanike. Mtu akikaa, hewa inatoka, akiinuka, inaingia. Bila matundu, hewa hutoka kwa shida kwenye mishono na kurudi kwa shida vilevile, na mto unapanda polepole huku ukihema. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua hilo.

Sasa, katika miaka kumi na tisa ya kazi, Sindano alikuwa amesikia neno "Itakaa" kutoka kwa baba yake mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwa kiti cha daktari wa meno, ya pili kwa mabenchi ya mahakama. "Kazi nzuri" hakuwahi kuisikia hata ndotoni. Ana miaka arobaini na moja, ana watoto wawili waliomzidi kimo, na bado alilitaka neno hilo kama mtoto anavyotaka pipi iliyowekwa juu ya kabati. Kushona viti vizuri zaidi hakungemsaidia, kwa sababu kila kiti alichoshona, baba alikuwa ameshashona kama hicho na kukishinda. Alihitaji kitu ambacho baba hajawahi kukishona.

Ndipo akaja Miwani.

Miwani alikuwa kijana mwongozaji wa filamu, na miwani yake ilikuwa minene kiasi kwamba mtu asingehangaika kumtafutia jina jingine. Aliingia karakanani na mchoro uliokunjwa mara nne, akautandaza juu ya meza ya kukatia.

"Dada, unaweza kushona kitu ambacho si kiti?"

Sindano akautazama mchoro. Lilikuwa dude. Lilikuwa na miguu sita, mgongo wa ngozi nyeusi na mdomo mpana kama mlango wa jiko. Filamu, Miwani alieleza, ilihusu watu watano waliotumwa mbali angani kwenye chombo cha utafiti, na dude hilo linaingia na kuwamaliza mmoja mmoja.

"Naweza," Sindano akasema, kwa sababu aliona wazi kwamba baba yake hajawahi kushona dude.

Lilimla miezi mitano. Alitumia sponji za uzito wa aina mbili, ngumu mgongoni na laini tumboni, ili lisinywee. Mdomo aliufungulia kwa nyaya za breki za baiskeli. Kila mshono aliurudia mara mbili, kila ukingo akauzungushia utepe wa ngozi, na kushoto kukalingana na kulia hadi tofauti isiyofika unene wa ukucha. Watu wawili waliweza kuingia ndani yake na kulitembeza. Jumamosi baba alipokuja, Sindano alilifunika kwa shuka.

"Nini hicho?" mzee akauliza.

"Utakiona kwenye filamu, baba. Safari hii si kiti."

"Hm," mzee akasema, akaenda kukalia stuli.

Siku mbili kabla ya kuanza kurekodi, Miwani akakumbuka kwamba watu wa chombo wanahitaji mahali pa kukaa wakila. Akaomba viti vitano, na akaomba zipu isionekane hata kidogo, maana angani, alivyodhani yeye, hakuna zipu. Sindano alikuwa bado anabana meno ya dude. Akavishona viti vile kwa mkono, haraka haraka, akafunga mishono kwa uzi wa nailoni, akavipakia kwenye mkokoteni. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, hakutoboa.

Filamu ilirekodiwa kwenye ghala lililokuwa la saruji. Usione vyaelea, vimeundwa, lakini chombo kile kilikuwa kimeundwa kwa mifuniko ya sufuria na mabomba ya maji machafu yaliyopakwa rangi ya fedha. Siku ya kwanza, mwigizaji aliyekuwa nahodha alimaliza kusema maneno yake mezani, akainuka, akatoka. Kamera ikabaki pale. Nyuma yake mto wa kiti chake ukaanza kupanda, polepole, ukihema, kama vile kuna mtu mwingine aliyekuwa amekaa hapo muda wote na ndiyo kwanza anainuka.

Mpiga picha alisahau kuzima kamera yake.

Sindano peke yake hakuona cha ajabu. Aliona matundu manne ambayo hayakuwepo, na aibu ikampanda hadi masikioni. Akachomoa msumari wake mfukoni akaenda moja kwa moja kwenye jiko la gesi la mpishi.

"Kosa langu, kaka. Nipe dakika kumi tu."

"Usikiguse," Miwani akasema, bila kuondoa macho kwenye kiti.

Siku mbili baadaye kijana alirudi na hadithi nyingine kabisa. Safari hii mmoja wa wale watano anakufa mapema, wenzake wanamzika kwa kumsukuma nje, gizani. Kiti chake kinabaki mezani. Wanakaa kula. Mto wa kiti kile unashuka, taratibu, na hakuna aliyekikalia.

"Kilichowafuata hakina mwili," Miwani alieleza. "Kinajifunza kuwa nao. Na kimeanza na uzito."

"Na dude langu?"

"Lipo, fundi. Linakuja mwishoni."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini Sindano hakutaka cha mvunguni hata kidogo. Wiki tatu alilala chali chini ya sakafu ya mbao, vumbi la saruji likimwingia puani, mkononi ameshika uzi aliokuwa ameufunga kwenye kifungo cha katikati ya mto. Miwani akisema "sasa", anavuta. Mto unashuka. Akisema "acha", analegeza, na mto unapanda ukihema juu ya uso wake. Alikuwa anavuta kosa lake mwenyewe kwa kamba, tena kwa ustadi, maana hata akikasirika hawezi kufanya kazi ovyo. Kila jioni alirudi nyumbani akiwa na shingo iliyokakamaa na maneno ambayo watoto wake walijifanya hawakuyasikia.

Kilichomtia moyo ni dude tu.

Filamu ilipokamilika, Miwani alialika watu thelathini hivi waione kwa majaribio, mchana, kwenye ghala lilelile. Sindano alisimama ukutani akawatazama. Kwa muda wa saa nzima hakuna aliyekohoa. Kiti kiliposhuka mara ya tatu, mwanamume mmoja mnene alipandisha miguu yake juu ya kiti cha plastiki alichokalia, akaikumbatia, na wala hakuonekana kujua kwamba ameipandisha. Kisha mlango wa chombo ukavunjika, na dude likaingia na miguu yake sita.

Watu wakashusha pumzi. Yule mnene akashusha miguu. Na mama mmoja wa kiti cha nyuma akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kusikika ghala zima, "Hilo ukilitia miguu ya mbao linatosha watu watatu, na wageni."

Ghala likapasuka kwa kicheko. Sindano alitaka ardhi immeze, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba yule mama alikuwa amesema kweli. Alilitazama dude lake kwenye turubai la kuonyeshea filamu na kwa mara ya kwanza akaliona kama wanavyoliona wengine. Mgongo ulikuwa umetuna vizuri. Ukingo ulikuwa umenyooka. Lilikuwa linakaribisha. Mikono yake ilijua kutengeneza kitu kimoja tu, kitu cha kukalia, na ndicho ilichotengeneza.

Kesho yake Miwani alilikata dude lote kutoka kwenye filamu.

Sindano alimfuata mpaka chumbani kwake, ambako kijana alikuwa ameinamia kompyuta na chai iliyopoa.

"Kaka, lile dude ni miezi mitano yangu."

"Najua, fundi. Limeniuma hata mimi."

"Basi toa kiti, liache dude."

"Siwezi." Miwani akavua miwani, akafikicha macho. "Uliwaona wale watu jana? Kabla dude halijaja, kila mmoja alikuwa anamkalisha mtu wake kwenye kile kiti. Mwingine marehemu mjomba wake, mwingine sijui nani. Dude walikuwa nalo tayari, kila mtu la kwake. Mimi nikaja nikawanyang'anya, nikawapa letu."

"Letu ni zuri."

"Ni zuri mno. Unaliona miguu, unaliona meno, unajua pa kukimbilia. Kile kiti utakikimbia uende wapi? Nani ana dude nyumbani kwake, fundi? Kiti kila mtu anacho."

Hakuna kinachokera kama mtu anayekuumiza huku anasema kweli. Sindano akajaribu mlango mwingine.

"Nipe basi viti nivitoboe, urudie kurekodi. Nitavuta uzi polepole, utapata kilekile."

"Hakitakuwa kilekile. Kile kinahema. Kwa nini lakini?"

"Baba yangu anakuja kuitazama."

"Mwambie ilikuwa makusudi."

"Baba yangu hajui makusudi. Anajua matundu."

Miwani akacheka, akidhani ni utani. Sindano aliondoka akaubamiza mlango, kisha akarudi kuufunga vizuri kwa sababu kitasa kilikuwa kimelegea, na hilo likamkasirisha zaidi.

Fikiria hali yake. Miezi mitano amemwahidi baba yake kitu ambacho si kiti. Sasa mzee anakuja kuona kiti. Na si kiti chochote, bali kiti kibovu kuliko vyote alivyopata kushona, kilichokuzwa ukubwa wa ukuta wa nyumba, na kosa lake likionyeshwa mbele ya watu mia mbili, tena na tena, kwa karibu. Alifikiria kumwambia kwamba maonyesho yameahirishwa. Lakini shangazi alishapata habari, na habari ikishamfika shangazi haiahirishwi.

Ilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa mikutano. Mzee alivaa shati lake lililopigwa pasi mpaka mikono. Kabla ya kukaa aliubonyeza mto wa kiti cha ukumbi, akaguna, akakaa. Shangazi, dada wa mzee, alikaa upande wa pili akiwa na mkoba mapajani. Katikati Sindano, kama mshitakiwa kati ya askari wawili.

Hakuitazama filamu. Alimtazama baba yake, na mwanga wa turubai ulimwonyesha kila kitu. Nahodha alipoinuka na mto ukaanza kupanda, mzee aliinamisha kichwa mbele. Ameona, Sindano akajisemea. Kwisha kazi.

Mezani, mmoja wa wanne waliobaki akagawa sahani tano kwa mazoea, akaiondoa ya tano bila kusema neno. Nahodha akaendelea kuongea habari za mafuta yaliyobaki. Mto ukashuka. Wote wanne waliuona, na wote wanne wakaendelea kutafuna, na hilo ndilo lililotisha, kwamba hakuna aliyepiga kelele ili na sisi tupate kupiga. Kila mlo mto ulishuka zaidi kidogo. Kitu kile kilikuwa kinanenepa. Shangazi, ambaye hunyamaza akiwa amelala tu, alikuwa amenyamaza, na kucha zake zilikuwa zimezama kwenye mkono wa Sindano.

Mwishoni nahodha peke yake anarudi duniani. Ni mchana, nyumbani kwake, sebuleni, dirisha wazi, watoto wa jirani wanacheza nje. Kochi lake ni la kawaida, la kitambaa cha maua, kama lililoko kwako na kwangu. Anainuka kwenda kuchota maji. Mto wake unajaa upesi, kama mto mzuri. Kisha mto wa pembeni unashuka.

Taa zikawaka. Watu mia mbili walikuwa wamesimama tayari, na hakuna aliyekaa tena kusubiri msongamano wa mlangoni upungue. Mwanamke mmoja alikipapasa kiti chake kwanza kabla ya kuchukua mkoba aliokuwa ameuweka hapo.

"Mwanangu," shangazi akanong'ona nje, "ushetani ule ulijifunzia wapi?" Lakini sifa za shangazi hazikuhesabika, shangazi hajui mshono.

Mzee alitembea mbele yao hadi kwenye geti bila kugeuka. Hapo akasimama.

"Hukutoboa."

"Sikutoboa, baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akashika njia yake.

Sindano alikasirika mpaka akashindwa kula. Ukumbi mzima umetetemeka, watu wazima wameogopa viti vyao, na mzee kaona matundu manne tu! Alimlaani Miwani, akalilaani dude lililokuwa limejikunja kwenye kona ya karakana likiwa limependeza bila faida, akaulaani uzi wa nailoni. Jumamosi iliyofuata aliviweka viti vyote tayari kwa kusalimiwa. Mzee hakuja. Katika miaka yote hakuwahi kukosa, hata alipokuwa na homa.

Alikuja Jumanne asubuhi, na mto kwapani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akauweka mto juu ya meza ya kukatia. Ulikuwa wa kiti chake mwenyewe, kile cha dirishani, cha ngozi ya kahawia, alichokishona kabla Sindano hajazaliwa. "Toboa matundu."

Sindano akaugeuza. Yalikuwepo, manne, yamepangwa kwa mstari, vipete vyake vya shaba vimesuguliwa na miaka mpaka vinang'aa.

"Baba, haya hapa. Uliyatoboa mwenyewe."

"Nayaona."

"Na yako wazi yote. Mto huu hauna tatizo."

"Nimesema una tatizo?" Mzee aligeukia sponji kana kwamba anazihesabu. Macho yake yalikuwa yamevimba chini. "Ongeza mengine."

"Siku zote hizi umekuwa unakaa wapi?"

"Kitandani."

"Na mchana?"

"Nasimama. Kusimama ni dhambi? Toboa, wewe, usinichoshe."

Sindano akawasha jiko, akauweka msumari kwenye moto. Alitoboa moja baada ya lingine, moshi wa ngozi ukimchoma macho, akayavalisha vipete vipya vinne kando ya vile vya zamani. Alifanya polepole, akingoja. Kama neno lile lingekuja, lingekuja sasa, wako wawili tu na mlango umerudishwa. Halikuja. Akaelewa kwamba halitakuja kamwe, na hasira ilikuwa ingali pale pale kifuani, haijaenda popote. Lakini mtu huyu alikuwa amekalia viti maisha yake yote, vyake na vya wengine, na ni kimoja tu kilichomfanya asimame siku kumi nzima.

Akauweka mto kwenye fremu tupu.

"Haya. Jaribu."

Mzee hakusogea.

"Kaa wewe kwanza," akasema.

Sindano akakaa, akatulia kidogo, akainuka. Wakageuka wote wawili kuutazama. Mto ulikuwa umeshajaa.

"Tena," baba akasema.

Akakaa tena.